Picha haifunguki? Usiifute, na usikubali kompyuta ipigwe fomati kwanza

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo lisevu ulisome jioni ukishafunga hesabu. Linahusu picha za bidhaa zinazogoma kufunguka, zinazofunguka zimelala ubavu, au zinazofunguka na rangi ambayo wewe mwenyewe huitambui.

Naanza na yangu, maana nililipa pesa kujifunza hili.

Nauza madera na vijora, mzigo nachukua Kariakoo. Mwaka juzi, wiki moja kabla ya Idi, mtoto wa dada yangu alikuja likizo na iPhone yake. Nikaona bahati hiyo. Simu yangu kamera yake ilikuwa imechoka, ya kwake inatoa picha kali. Akanipigia picha 74, dera moja moja, akaziingiza kwenye kompyuta yangu kwa waya, kisha akazifuta kwenye simu kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Asubuhi akapanda basi kurudi chuoni Dodoma.

Usiku nakaa nizipange niziposti, naona folda imejaa vikaratasi vyeupe. Hakuna picha hata moja. Nikibofya, kompyuta inaniambia haiwezi kufungua faili hilo. Nikabadilisha majina, nikaandika .jpg mwishoni kama nilivyowahi kuona watu wakifanya. Bado. Nikampelekea fundi. Akaangalia dakika mbili, akasema picha zimeliwa na virusi, mashine inatakiwa ipigwe fomati, shilingi 30,000. Nikakubali. Akafuta kila kitu.

Kumbe hakukuwa na virusi. Picha zote 74 zilikuwa nzima kabisa. Kilichokosekana kwenye kompyuta yangu ni kipande kidogo cha programu cha kusoma picha za aina ile. Kwenye fomati ile zilikwenda picha, na likaenda daftari langu la madeni la Excel ambalo nilikuwa sijalinakili popote. Wateja wawili walinipigia wenyewe wakaniambia, "Mama, mimi unanidai." Wengine wamenyamaza mpaka leo.

Na hata baada ya hapo picha zilikuwa bado zinaokoka. iPhone ikifuta picha haiitupi moja kwa moja, inaiweka kwenye "Recently Deleted" kwa siku 30. Ningempigia simu yule mtoto wiki ile ile, angezirudisha. Sikujua. Nilipojua, siku zilikuwa zimeshapita.

Kwa hiyo shika hili kabla ya yote: picha ikigoma kufunguka, usifute, usibadilishe jina, usilipie chochote mpaka ujue tatizo liko wapi. Linaweza kuwa kwenye faili lenyewe. Linaweza kuwa kwenye programu inayofungua. Au linaweza kuwa kwenye skrini unayoitazamia. Kila moja lina dawa yake, na dawa nyingi ni bure.

TAZAMA UKUBWA, HALAFU TAZAMA MKIA

Bofya picha kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Properties". Angalia ukubwa wa faili. Ikisoma 0, hapo kweli hakuna kitu ndani, jina limebaki peke yake. Hutokea sana ukichomoa flashi kabla haijamaliza kunakili. Rudi kwenye simu au kadi ya kamera uchukue upya. Ikiwa ukubwa ni wa kawaida, mfano kilobaiti mia kadhaa au megabaiti moja, mbili, tatu, basi kuna uwezekano mkubwa picha yako ipo ndani na haina ugonjwa.

Picha inayofunguka nusu, juu inaonekana na chini ni rangi ya kijivu tupu, hiyo ni faili lililokatika njiani. Nakili upya au mwambie aliyekutumia aitume tena. Hakuna programu itakayokurudishia nusu ambayo haikufika.

Sasa mkia. Nauita mkia, zile herufi za mwisho baada ya nukta: .jpg, .png, .heic, .webp. Kompyuta ya Windows ikitoka dukani huwa imeuficha, unaona "dera jekundu" tu. Ufunue. Kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, bonyeza "View" juu, kisha "Show", kisha "File name extensions". Kwenye Windows 10 ni "View" halafu unaweka tiki kwenye "File name extensions". Ukishafanya hivyo usiurudishe kujificha tena, nitaeleza mbele kwa nini.

Mkia ni kama karatasi iliyobandikwa kwenye kiroba. Windows haifungui kiroba kuangalia kilichomo, inasoma ile karatasi na kuita programu iliyopangiwa kazi ya karatasi hiyo. Ukibandika "mchele" kwenye kiroba cha unga, kilichomo kinabaki unga. Ndiyo maana nilipoandika .jpg kwenye zile picha za iPhone hazikugeuka kuwa jpg. Nilibadilisha karatasi tu, tena nikaichanganya zaidi kompyuta.

Ukitaka kujua kilichomo kwa kweli, kuna ujanja mmoja wa bure. Fungua nakala ya faili hilo kwa Notepad. Utaona takataka za herufi, usiogope, tazama mwanzo tu. Ukiona PNG karibu kabisa na mwanzo, ni png. Ukiona RIFF na mbele yake kidogo WEBP, ni webp. Ukiona ftypheic, ni ya iPhone. Ukimaliza funga bila kusevu. Ukisevu ndani ya Notepad unaiharibu kweli, hapo hata mimi siwezi kukusaidia.

HEIC, ILIYONILIZA

Toka iOS 11 iliyotoka mwaka 2017, iPhone hupiga picha kwa aina inayoitwa HEIC kama hujaibadilisha. Apple hawakukosea, picha inakula karibu nusu ya nafasi ya JPG na ubora ni ule ule. Shida ni kwamba si kila kifaa kinaielewa. Android ilianza kuielewa kuanzia toleo la 9, la mwaka 2018. Simu za mkononi za Samsung nazo nyingi zina chaguo la kupiga picha za aina hii, kwa hiyo usidhani ni ya iPhone peke yake.

Kwenye Windows 10 na 11 unahitaji vipande viwili kutoka Microsoft Store. Cha kwanza kinaitwa HEIF Image Extensions, ni bure. Watu wengi wanaweka hicho kimoja, picha bado inagoma, wanakata tamaa. Cha pili ni HEVC Video Extensions, kinauzwa senti 99 za dola ya Marekani. Kompyuta nyingine zinatoka kiwandani nacho tayari, nyingine hazina. Kama huna kadi ya kulipia mtandaoni, usihangaike, pitia njia ya simu.

Njia ya simu ndiyo ninayoipendekeza kwa mfanyabiashara. Kwenye iPhone ingia Settings, Camera, Formats, chagua "Most Compatible". Kuanzia hapo kila picha utakayopiga itakuwa JPG. Angalia neno "utakayopiga". Zile za zamani zinabaki HEIC.

Kwa za zamani, kama simu ina iOS 16 au zaidi, zihifadhi kwenye app ya Files, bonyeza picha kwa muda, chagua "Quick Actions" kisha "Convert Image", chagua JPEG. Unaweza kuchagua nyingi kwa pamoja.

Kuna mpangilio mwingine kwenye sehemu ya Photos ya Settings, unaitwa "Transfer to Mac or PC". Ukiwa "Automatic", simu inajaribu kugeuza picha kuwa JPG yenyewe wakati unahamisha kwa waya. Ni mzuri ila una kero: kwenye Windows wakati mwingine uhamishaji unakatika katikati na maandishi yanasema kifaa hakifanyi kazi. Waya si mbovu na simu si mbovu. Weka "Keep Originals", hamisha, kisha geuza picha baadaye. Na usifute chochote kwenye simu mpaka umefungua picha tatu nne kwenye kompyuta kwa macho yako. Mwanzo, katikati na mwisho wa folda.

Zipo tovuti za kugeuza picha bure. Zinafanya kazi, lakini jua unachopandisha. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, kama kamera yako imeruhusiwa kutumia mahali ulipo. Kwa dada anayeuzia nyumbani na kupigia picha sebuleni, hiyo ina maana anuani ya nyumba yake. Kwa sababu hiyo hiyo kuwa makini unapotuma picha WhatsApp kama "Document". Ukituma kama picha ya kawaida, WhatsApp inaondoa taarifa hizo na kupunguza ukubwa. Ukituma kama "Document", faili linaenda lilivyo, na mahali pake ndani.

Hapo hapo kuna mtego wa biashara. Mwaka jana mteja wa jumla kutoka Mbeya aliniomba picha safi za mzigo mpya. Nikajifanya mjuaji, nikatuma kama "Document" ili ubora usipungue. Zote HEIC. Simu yake ni Android ya zamani. Akaniandikia, "Dada hazifunguki," saa nne asubuhi. Mimi nikaiona saa tisa. Alikuwa ameshanunua kwa mwingine. Ningetuma kama picha na kubonyeza HD, WhatsApp ingegeuza yenyewe kuwa JPG na angeona kila kitu.

WEBP NA JFIF

Hizi zinawapata sana wale mnaochukua picha za bidhaa kwenye tovuti za wauzaji wa jumla wa nje. Unabofya kulia, unahifadhi, unakuta .webp. Hii ni aina ya Google, ipo toka 2010, na kivinjari chochote cha siku hizi kinaifungua. Programu za zamani ndizo zinazoikataa. Ifungue kwa Paint ya Windows ya sasa, nenda "Save as", chagua JPEG, umemaliza.

.jfif ni rahisi zaidi. Hiyo ni JPG ile ile yenye karatasi tofauti. Hii ndiyo moja kati ya chache unazoweza kubadilisha jina na ikakubali: futa jfif andika jpg. Vivyo hivyo .jpeg na .jpg ni kitu kimoja.

PROGRAMU ISIYO YAKE IMESHIKA PICHA

Tatizo lingine: picha ni JPG safi, jana ilifunguka vizuri, leo ukibofya inafunguka programu ya ajabu, au kivinjari, au inakuuliza uchague. Hapo faili halina kosa. Kilichobadilika ni nani aliyepewa kazi ya mkia huo. Mara nyingi umeweka programu mpya ya kuhariri picha na ukabonyeza "ndiyo, ndiyo, ndiyo" bila kusoma.

Kipimo cha haraka: buruta ile picha uidondoshe juu ya Chrome iliyo wazi. Ikifunguka, faili ni zima, shughulika na programu. (Kwa HEIC kipimo hiki hakifai, Chrome haiifungui.)

Kisha bofya picha kwa kitufe cha kulia, "Open with", "Choose another app", chagua unayoitaka, bonyeza "Always". Kwenye Windows 10 unaweka tiki kwenye "Always use this app". Ukikosa kuweka hiyo tiki au kubonyeza "Always", itafunguka mara hiyo moja tu, kesho unarudi pale pale, na ndipo watu husema kompyuta ina jini.

Jambo linalowachanganya wengi: Windows inapanga kwa kila mkia peke yake. Ukirekebisha .jpg, bado .png na .jpeg ziko kwa bosi wa zamani. Nenda Settings, Apps, Default apps, kwenye kisanduku cha juu andika .jpg uone nani ameishika, ubadilishe, halafu andika .jpeg, halafu .png, halafu .webp. Dakika tatu.

Na kama programu iliyoshika ni sahihi, ile Photos ya Windows yenyewe, ila inafunguka nyeusi au inajifunga? Settings, Apps, Installed apps, itafute Photos, nukta tatu, "Advanced options". Anza na "Repair". Ikishindikana ndiyo "Reset". Hii ya pili inafuta mipangilio ya programu, picha zako zilizo kwenye folda haizigusi.

Mkiniuliza programu gani mbadala, IrfanView ni nyepesi sana, inakimbia hata kwenye kompyuta yenye umri. Iliandikwa na Irfan Škiljan na ipo toka 1996. Ninachoipendea ni kwamba inasoma kilichomo ndani ya kiroba. Ukiipa PNG iliyobandikwa .jpg inakwambia mkia si wake na kukuuliza kama irekebishe. Ila soma masharti: ni bure kwa matumizi binafsi, kwa biashara inatakiwa ulipie leseni. XnView MP nayo ni hivyo hivyo. Zisizo na sharti hilo ni ImageGlass na nomacs, hizo ni za programu huria. Na pakua kwenye tovuti ya mwenyewe. Usipakue kwenye kurasa zile zenye vitufe kumi vya kijani.

RANGI

Hapa ndipo pesa inapopotelea kimya kimya, kwa sababu picha inafunguka vizuri na hakuna onyo lolote.

Nilimuuzia mteja dera la rangi ya haradali. Likarudi. Akasema kwenye picha lilikuwa krimu. Nikabishana naye, mwishowe nikafungua ile picha kwenye simu tatu tofauti. Krimu kweli. Mimi ndiye niliyeipunguza njano wakati wa kuhariri, kwa sababu kwenye skrini yangu kila kitu kilikuwa cha njano. Nilikuwa nahariri saa tatu usiku na "Night light" ya Windows imewaka, ile inayopaka skrini rangi ya joto ili macho yasichoke. Simu nazo zinayo, iPhone inaitwa Night Shift. Nauli ya kwenda na kurudi nililipa mimi.

Kabla hujagusa rangi ya bidhaa, zima hiyo kitu. Settings, System, Display, Night light. Shika karatasi nyeupe pembeni ya skrini, fungua ukurasa mweupe, linganisha.

Ikiwa umezima na bado programu ya Photos inaonyesha nyeupe kama maziwa yaliyochanganywa na chai, wakati picha ile ile kwenye kivinjari au Paint iko sawa, tatizo huwa ni wasifu wa rangi wa skrini. Andika "Color Management" kwenye Start, ifungue, weka tiki "Use my settings for this device", bonyeza "Add", chagua sRGB IEC61966-2.1, iweke kuwa "Default". Funga Photos uifungue tena.

iPhone za kuanzia 7 zinapiga picha kwa upana wa rangi mkubwa kuliko sRGB ya kawaida. Programu isiyojua kusoma upana huo inaonyesha picha imefifia, nyekundu ya kitenge inakuwa kama imefuliwa mara ishirini. Kabla hujaongeza rangi kwa nguvu, ifungue kwenye programu nyingine. Ukiiongeza bila sababu, mwenye simu nzuri ataona nyekundu inayochoma macho, na mzigo ukimfikia atasema umemdanganya.

Na wale mliotengenezewa nembo au bango na watu wa uchapaji: wakikupa JPG ambayo kwenye simu rangi zake zinang'aa ajabu au haifunguki kabisa, inawezekana imehifadhiwa kwa CMYK, rangi za mashine ya kuchapa. Mwambie tu, "Naomba na ya RGB ya kuposti." Anaelewa, ni kazi ya dakika moja.

Bado wapo wenye Windows 7. Mkiona ujumbe kwamba Windows Photo Viewer haiwezi kuonyesha picha kwa sababu huenda kumbukumbu ya kompyuta haitoshi, msikimbilie kununua RAM. Mara nyingi kisa ni huo huo wasifu wa rangi uliomo ndani ya picha. Ifungue kwa Paint. Ikifunguka, RAM yako haina kosa.

PICHA IMELALA UBAVU

Simu ikipiga picha wima, mara nyingi inaihifadhi ikiwa imelala na kuandika ndani yake neno la "igeuze ukiionyesha". Programu nyingi zinatii. Chache, hasa za zamani na baadhi ya kurasa za kupandishia bidhaa, hazisomi hilo neno. Matokeo yake kwenye kompyuta yako kiatu kimesimama, kwenye duka la mtandaoni kimelala. Kugeuza kwenye skrini na kufunga hakutoshi. Fungua kwa Paint, ione imesimama, isevu kama faili jipya. Sasa imesimama yenyewe bila kutegemea maelekezo.

WENYE SIMU PEKEE

Android ikikuuliza ufungue kwa nini, ukabonyeza "Always" kwenye app isiyo sahihi, nenda Settings, Apps, itafute ile app iliyojipachika, ingia sehemu ya "Open by default" au "Set as default", bonyeza "Clear defaults". Simu itakuuliza tena, safari hii chagua kwa utulivu.

Picha haionekani kwenye Gallery ila unajua ipo? Tumia app ya mafaili, Files, uitafute kwenye folda. Folda ikiwa na faili dogo linaloitwa .nomedia, Gallery inaipita kama haipo. Folda ya WhatsApp ya picha ulizotuma huwa nalo. Ihamishie picha folda nyingine itaonekana.

NILIAHIDI KUELEZA KUHUSU MKIA ULIOFICHWA

Mtu anakuandikia anataka oda kubwa, anakutumia "picha ya bidhaa ninayotaka". Kwenye kompyuta iliyoficha mikia unaona oda.jpg na hata kipicha kidogo pembeni. Jina lake kamili ni oda.jpg.exe. Hiyo si picha, ni programu, na ukibofya mara mbili unaiendesha. Kilichomo ndani kinaweza kuiba nywila zako au kufunga mafaili yako yote. Mkia ukiwa wazi unaiona kwa jicho. Picha haiishii na exe, wala scr, wala bat. Mteja wa kweli atakubali ukimwambia, "Naomba uitume kama picha ya kawaida WhatsApp."

Siku hizi nina utaratibu wa kijinga lakini unanisaidia. Picha za mzigo zinakaa sehemu mbili, simu na kompyuta, mpaka mzigo ule uishe. Daftari la madeni linakaa Google Drive, na kila Jumapili nalichapa kwenye karatasi stationary ya jirani. Yule mtoto wa dada akija likizo, kabla hajashika dera lolote naichukua simu yake naingia Settings, Camera, Formats. Ananicheka.

Kama una picha iliyogoma sasa hivi, andika hapa chini mambo manne: mkia wake, ukubwa wa faili, ilitoka kifaa gani, na maneno yanayotokea ukiifungua, yaandike yalivyo au piga skrinishoti. Ukiandika "picha zangu hazifunguki nisaidie" tutaanza kuulizana maswali mpaka kesho. Na kama iko kwa fundi muda huu, mpigie umwambie asubiri.